Barua kwa Mwanangu: Matanga Yasiyokuwa na Kaburi

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mama yako kwa sauti alipokuwa akimenya ndizi. Umeniuliza, kwa heshima uliyolelewa nayo lakini bila kuzunguka, kama haitoshi kwa muuguzi wa zamu kama wewe, anayelala saa ambazo wenzake wanasali, kutuma mchango wake kwa simu kila jumuiya yenu ndogo ya Kikristo ya huko Dar es Salaam inapopata msiba, badala ya kuamka Jumamosi alfajiri kwenda kusali na watu asiowafahamu. Kisha ukaongeza neno ambalo limenikaa moyoni kuliko swali lenyewe: kwamba hutaki siku moja watu wasiokujua waje kulia kwako kwa sababu tu ratiba imewaangukia.

Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu la haraka lingekuwa kukuambia uende kwa kuwa ndivyo tunavyofanya sisi Wakatoliki, na wewe si mtu wa kujibiwa hivyo.

Nianze na fedha, kwani hapo huna kosa. Unavijua vyama vya kuzikana vya huku kwetu Kagera. Mwanachama hutoa kiasi kilichokubaliwa, jina lake huandikwa, na siku akifikwa na msiba huletewa viti, sufuria, turubai na watu wa kuchimba kaburi. Ni utaratibu wa haki, nami nimo ndani yake tangu nilipooa. Chama cha namna hiyo ukikitumia mchango kwa simu umemaliza deni lako, na hakuna mwenye haki ya kukulaumu. Kama jumuiya yenu ingekuwa chama cha kuzikana kilichoongezewa rozari, ningekuambia utume fedha na ulale, maana umechoka.

Lakini jumuiya haikuanzishwa kwa ajili hiyo. Nilikuwa kijana niliyeanza kufundisha wakati maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA, umoja wa mabaraza yao, uliofanyika Nairobi mwaka 1976, walipoamua kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwe kipaumbele chao katika uchungaji. Parokia zilikuwa kubwa, padre alikuwa mmoja kwa vigango vingi, na mtu aliweza kusali Misa miaka kumi bila aliyekaa naye benchi moja kujua kwamba nyumbani kwake kuna mgonjwa. Kilichotakiwa kilikuwa kaya chache zinazokaa jirani, zinazosoma Injili pamoja na kuulizana habari. Mchango ulikuja baadaye, na kwa bahati mbaya mahali pengine umekua mpaka ukaifunika Injili yenyewe. Unapolalamika kwamba katibu wenu anakufuata akiwa na bahasha mkononi kabla hajakuuliza hali yako, unalalamikia kitu cha kweli.

Nataka nikueleze habari za shangazi yako, ambazo umezisikia vipande vipande tu kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kuzisimulia zote.

Ulikuwa na miaka mitatu. Jioni ya Jumatatu tarehe 20 Mei 1996 shangazi yako alipanda meli ya MV Bukoba pale bandari ya Kemondo, akiwa na mikungu ya ndizi ya kuuza Mwanza, safari aliyoizoea. Asubuhi ya tarehe 21 meli ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kabisa kufika. Inatajwa kwamba watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Sisi tulipata habari kwa redio, na kwa siku nzima kila mtu alikuwa na sababu yake ya kuamini kwamba ndugu yake amenusurika. Nilikwenda Mwanza kwa barabara, nikatafuta siku kadhaa miongoni mwa watu waliokuwa wakitafuta kama mimi, na sikumwona. Wengi walizikwa Igoma, huko huko Mwanza. Huenda naye yumo, huenda ziwa halikumrudisha.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na njiani jambo lililonitesa kuliko yote, sijui kwa nini, lilikuwa kwamba nitawaambia nini watu waliokuwa wakinisubiri. Unajua mila yetu: mtu akifariki, majirani hawashiki jembe mpaka mazishi yaishe. Matanga yana mwanzo na yana mwisho, na mwisho wake hupimwa kuanzia kaburini. Sasa sisi hatukuwa na mwili wala kaburi, na wazee waliokuwa wakijua majibu ya kila msiba walikaa kimya, kwani msiba wa namna hiyo haukuwa na kanuni.

Nilipofika niliwakuta wanajumuiya wamekwisha kutandaza nyasi sebuleni, moto wa nje unawaka, na wanaume wamelala uani usiku wa nne. Jirani yangu wa upande wa chini, ambaye tulikuwa hatusemezani kwa sababu ya mpaka wa kibanja, ndiye aliyekuwa akipasua kuni. Hakunipa pole kwa maneno. Alinipokea begi, akaenda kuliweka ndani, akarudi kwenye kuni zake. Wewe ulikuwa umechukuliwa na mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ambaye alikulaza na wanawe mpaka yote yalipokwisha, na mama yako hakuhitaji kumwomba. Katekista hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba kwa kuwa hatujui siku ya mazishi, tutasali rozari kila jioni na tutalala hapa, na siku tutakapojua la kufanya tutalifanya. Tulikaa usiku tisa.

Hapo ndipo penye jibu langu kwa lile neno lako la watu wasiokujua. Usiku ule, baada ya rozari, watu walianza kumsimulia shangazi yako, na walisimulia mambo ambayo mimi kaka yake sikuyajua. Mmoja alieleza jinsi alivyokuwa akitoka Kemondo usiku na kupitia kwanza kwa bibi kizee mmoja kumwachia sabuni. Mwingine alisema kwamba deni lake la duka lililipwa mwaka uliotangulia na mtu asiyejitaja, na kwamba ndiyo kwanza amejua ni nani. Watoto aliowafundisha nyimbo kigangoni waliimba, wakakosea, wakaanza upya. Wale watu hawakuwa wametumwa na ratiba. Walikuwa wakimlilia mtu waliyefagia naye kigango, waliyekwenda naye kuwaona wagonjwa, waliyegombana naye na kupatana naye kwa miaka mingi. Katika kumlilia yeye walinilinda mimi, kwa sababu nilipoishiwa nguvu ya kumkumbuka walimkumbuka wao.

Siku ya mwisho tulisimika msalaba kibanjani, mahali ambapo angezikwa, tukasema, “Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie,” na kesho yake watu wakashika majembe. Ni ule msalaba uliokuwa ukiuegemea utotoni ukila miwa, na hatukuwahi kukukataza.

Usidhani kwamba mikono ile ilijifunza kazi wiki ile. Kagera ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata kulikuwa na majuma ambayo tulichimba kaburi moja asubuhi na lingine mchana. Fedha za rambirambi ziliisha mapema sana. Ulikuwepo woga pia, na watu waliishia kwenye ua wakatoa pole kwa mbali. Wanawake wa jumuiya ndio waliogawana nyumba: huyu anachota maji, huyu anafua, huyu anapalilia shamba la babu aliyeachiwa wajukuu sita. Hakuna aliyelipwa, na jumuiya haikuwa na kitu cha kulipa. Kwa hiyo msiba wa meli ulipotufika, walikuwepo watu waliozoea kuingia nyumbani kwa mtu bila kungoja kualikwa.

Sasa nikueleze na upande mwingine, kwa sababu nikiuficha utaugundua mwenyewe na hutaniamini tena.

Miaka michache baadaye nilikuwa mhazini. Akafariki mtu wa eneo letu ambaye alikuwa ameacha kusali na sisi na hakuwa ametoa zaka kwa muda mrefu. Viongozi tulikutana, tukafungua daftari la mahudhurio, tukaona nafasi yake tupu ukurasa baada ya ukurasa, na tukaamua kwamba jumuiya haitakwenda wala haitaandika barua ya kumwombea maziko ya Kanisa. Nilikubali. Nilisema hata kwamba tukimzika huyu, walio hai hawataona sababu ya kuhudhuria. Alizikwa na majirani Walutheri na Waislamu, na kutoka uani kwangu niliyasikia majembe yakichimba, nikakaa ndani na mlango nimeufunga.

Ilinichukua miezi mitatu kwenda kwa mjane wake. Aliniletea kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni yeyote, akaniambia, “Mwalimu, siku ile tulikungoja.” Hakuongeza neno. Nilimwomba msamaha, akanipa, na bado sauti ile ninaisikia kila ninapoliona daftari lolote la mahudhurio. Tulichokifanya kilikuwa kuigeuza jumuiya kuwa chama cha kuzikana, tena kilicho kibaya kuliko vile vya kijijini, kwa maana vile havidai kusema kwa jina la Kristo. Tangu siku hiyo nimekataa kila mara daftari lilipoletwa mezani wakati marehemu bado yuko ndani, na nimegombana na marafiki kwa sababu hiyo. Huko kwenu likitokea, nawe ukatae, hata ukiwa mgeni kuliko wote.

Lakini ili ukatae ni lazima uwepo. Anayetuma fedha kwa simu hana kiti katika kikao kile.

Kuna jambo jingine, mwanangu, na hili ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu badala ya kukupigia. Wakati wa Pasaka ulituambia kwamba watoto wawili walifariki katika zamu yako moja ya usiku, ukaandika ripoti, ukapanda daladala, ukafika nyumbani ukalala. Ulilisema haraka, ukaanza kuuliza habari za ng'ombe. Mama yako alisimama akaenda nje. Katika swali lako umehesabu kwa uaminifu kile ambacho wewe unawapa wenzako, ukauliza kama kinatosha. Hukuuliza ni nani alikaa nawe asubuhi ile. Sisi tuko mbali, na sauti ya simu haiwezi kukuwekea chai mezani. Sipendi binti yangu awe hodari wa misiba ya watu wengine na wa kwake aubebe ndani ya daladala.

Ukienda, hutatakiwa kusema mengi. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo mmoja wao kumwambia neno, kwa kuwa waliona jinsi mateso yake yalivyokuwa makuu. Walianza kukosea walipofungua vinywa. Mwambie mwenyekiti zamu zako zilivyo, waziwazi, na umwambie kwamba Jumamosi moja kwa mwezi ndiyo unayoiweza. Muulize nani anaumwa. Yule mzee uliyenitajia, anayeishi na mjukuu nyumba ya tatu kutoka kwako, unaweza kumpima presha ukitoka kazini, na hiyo nayo ni huduma ya jumuiya hata kama haiandikwi popote. Usikubali uongozi mwaka wa kwanza. Wataona umesoma, watakukimbilia. Kuhusu michango, omba kwa adabu hesabu zisomwe mbele ya wote, na kama hazisomwi, uliza tena mwezi unaofuata.

Na kama baada ya mwaka mzima utaona kwamba ni bahasha tu, niandikie. Sitakulazimisha ukae mahali pasipo na watu ndani yake, na tutatafuta pamoja jumuiya nyingine katika parokia hiyo hiyo.

Jumamosi hii sala ziko kwetu. Mama yako ameomba tuwaweke wale watoto wawili katika nia za sala. Majina yao hukututajia, kwa hiyo tutasema watoto wa wodi ya binti yetu. Kahawa na senene nimempa kondakta wa basi la Jumatano, amefunga kwa kamba ya bluu. Atakupigia akifika.

Ni mimi baba yako.