Muulize alilala saa ngapi

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye, hapa Naivasha, tulitazama waridi tulizokata asubuhi zikipakiwa kwenye trela kwenda kumwagwa. Uholanzi, ambako maua yetu mengi huuzwa mnadani, bei zilikuwa zimeanguka, na ndege za kuyabeba zikaadimika. Jioni hiyo wafanyakazi wakaambiwa waende likizo bila malipo mpaka hali itulie. Nilikuwa msimamizi wa watu 14 katika banda la kupanga maua. Mimi ndiye niliyesoma majina.

Walioitwa tena mwezi wa sita walirudi wakiwa wamebadilika, si kama walivyoondoka. Mama mmoja, mwenyeji wa Busia anayekaa Karagita, alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Sasa alichanganya shina za sentimita 50 na za 60, akajichoma miiba kama mgeni wa kazi. Nikamuuliza, "Uko sawa?" Akajibu, "Niko sawa, dada." Nilimuuliza hivyo mara tatu au nne, nikapata jibu lile lile, kisha nikamwandikia barua ya onyo.

Wakati huohuo mimi mwenyewe moyo ulikuwa ukinienda mbio kila simu ilipolia. Nilidhani ni presha. Kwenye zahanati nilipimwa, presha ikawa ya kawaida. Yule daktari akaweka kalamu chini akaniuliza, "Usiku unalala saa ngapi?" Nikaanza kujibu, machozi yakanitoka. Tangu Machi nilikuwa nalala saa nane, naamka saa kumi, na katikati nawaona wale 14 wakikusanya mikoba yao.

Kesho yake nilimngoja yule mama njiani tukielekea basi, nikamuuliza vivyo hivyo. Akasimama. Akaniambia usiku hupiga hesabu: kodi ya miezi mitatu, deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, mikopo mingine miwili ya simu, na watoto ambao shule zilikuwa zimefungwa, akiwafungia ndani mchana kutwa na kumwachia jirani ufunguo. Alikuwa ameomba Mungu, alikuwa amekunywa dawa za maumivu ya kichwa. Hakuwa amemwambia mtu.

Kwa hiyo wewe msimamizi, au mfanyakazi mwenzake, acha kuuliza "uko sawa?". Kwetu hiyo ni salamu, na salamu hujibiwa kwa salamu. Uliza kitu chenye jibu: alilala saa ngapi, jana alikula nini, watoto wako na nani. Usiulizie kwenye meza ya kazi, mbele ya wenzake. Uliza mkitembea, maana macho yakitazama mbele maneno hutoka kwa urahisi. Ukishauliza, nyamaza. Mimi hapo ndipo huniwia vigumu, kwa sababu ulimi hukimbilia "itakuwa sawa tu".

Kisha punguza mzigo mmoja unaoweza kuushika kwa mkono. Kwa yule mama ulikuwa zamu: nilimpa ya asubuhi ili arudi kwa watoto mapema. Tuliketi pia tukaandika madeni yote kwenye karatasi moja. Hayakupungua hata shilingi, lakini aliniambia usiku ule alilala.

Mtu akikuambia amechoka kuishi, usimwache peke yake usiku huo. Msindikize hospitali, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Wengi walificha maneno hayo kwa hofu ya polisi, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waambie watu wa kundi lako, maana wapo ambao hawajasikia mpaka leo.

Kafyu ya korona iliondolewa Oktoba 2021, maua yakarudi kwenye ndege, na mabosi wakadhani shida zimekwisha. Bado nina watu wanaoshtuka mkutano wa ghafla ukiitishwa, hata ukiwa wa kugawa buti mpya. Siku hizi ninaposimama mbele yao husema kwanza kabisa kwamba hakuna anayeachishwa kazi, ndipo niendelee na mengine.

Ile barua ya onyo niliomba itolewe kwenye faili yake. Ilichukua miezi minne.