Evoque ya paa la kufunuka: inafaa kuletwa Dar? Majibu ya anayeiendesha

Wakuu, salaam. Kwa wanaoingia sasa hivi: mtoa mada ameona Range Rover Evoque Convertible ya 2017 inauzwa Uingereza, bei imeshuka mno ukilinganisha na ilivyokuwa mpya, na anauliza kama aivushe hadi Dar iwe gari yake ya kila siku. Wadau wamegawanyika vibaya. Kuna wanaosema hiyo si Range, ni urembo wa kupigia picha, na kwamba SUV, yaani gari la juujuu, ukishaikata paa umeiua. Kuna wanaosema ni gari tamu kuliko zote na anayeipinga ana wivu tu.

Mimi naishi Birmingham na ninayo. Ni ya petroli, niliinunua mkononi kwa mtu, na nyumbani tuna gari nyingine ya kubebea watoto na mizigo. Nimeiendesha kiangazi na kwenye baridi kali. Msimamo wangu nauweka mapema: gari hii inafanya jambo moja vizuri kuliko karibu SUV zote za umri wake, na ubishi wote huu unatokana na watu kuidai mambo mengine ambayo haikuundwa kuyafanya.

Naanza na hoja ya kwamba SUV haifunuliwi paa, maana imerudiwa na watu wengi humu kana kwamba ni sheria. Land Rover ya kwanza kabisa (kampuni ndiyo hiyohiyo inayotengeneza Range) ilipooneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948 ilikuwa na turubai. Wazee wetu wanazikumbuka Landrover za turubai zilizokuwa zikipita vijijini na maofisa ugani na madaktari. Jeep Wrangler mpaka leo inavuliwa paa. RAV4 za mwanzo zilikuwa na toleo la turubai, Suzuki Vitara vilevile, na Mercedes waliendelea kutengeneza G-Wagen ya paa la kufunuka hadi 2013. Kwa hiyo gari la juujuu lenye paa la kitambaa ni jambo la kale kuliko hizi SUV za kifahari zenyewe. Anayesema Range wamesaliti asili yao hajaitazama asili yenyewe.

Kilichokuwa kipya ni kuliweka wazo hilo kwenye gari la starehe la mjini, lenye viti vya ngozi na paa la umeme. Waliionesha kama gari la majaribio kwenye maonesho ya magari ya Geneva mwaka 2012, wakapima upepo wa wateja, halafu Novemba 2015 wakaitoa ile ya kuuza. Kabla ya kuizindua waliipitisha kwenye mahandaki ya reli ya Crossrail chini ya London, wakati huo bado yanajengwa. Hapa Uingereza bei ilianzia pauni 47,500. Waandishi wa magari nao waligawanyika hivyohivyo mlivyogawanyika ninyi: wengine waliona ni upuuzi, wengine walikiri kwamba wamefurahi kuiendesha kuliko walivyotegemea.

Sasa utamu wake uko wapi? Kwenye gari za wazi za kawaida unakaa chini, karibu na lami. Lori likisimama pembeni yako unatazamana na tairi zake na kuvuta moshi wake. Kwenye hii unakaa juu. Unaona juu ya kuta za mawe za mashambani, unaona bonde lote mkono wa kushoto, unasikia ndege, na bado umekaa kwenye kiti cha Range chenye kipasha joto. Kuna barabara ya kutoka huku kwetu kwenda Barmouth, pwani ya Wales, inapita katikati ya milima. Nimeipita mara nyingi kwa gari ya kawaida. Kuipita paa likiwa chini ni safari tofauti kabisa, na hilo hakuna SUV yenye dirisha la paa, hata liwe pana kiasi gani, itakayokupa.

Paa lenyewe wamelifanya kwa ustadi. Unavuta swichi, vioo vyote vinashuka kwanza, kisha ukingo wa mbele unaachia fremu ya kioo kikubwa, halafu kitambaa kinajikunja kwa mtindo wa herufi Z na kulala nyuma ya viti vya nyuma. Sekunde 18 kufungua, 21 kufunga, na unaweza kufanya hivyo gari ikitembea hadi kilomita 48 kwa saa. Mvua ikianza ghafla mjini huna haja ya kutafuta pa kuegesha. Likifungwa, kitambaa ni kizito na kina tabaka za kuzuia kelele. Kwenye barabara kuu mimi na mke wangu tunazungumza kwa sauti ya kawaida. Na kwa wanaoogopa ajali ya kupinduka: nyuma ya viti kuna vyuma viwili vilivyofichwa vinavyofyatuka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde gari ikihisi inapinduka.

Haya, upande wa pili, na hapa wapinzani wana haki yao.

Ukiondoa paa la chuma umeondoa uti wa mgongo wa bodi, kwa hiyo inabidi uongeze vyuma chini na pembeni ili gari isijipinde. Matokeo yake gari hii ina uzito wa karibu tani mbili, ilhali ni fupi kuliko RAV4 ya siku hizi. Uzito huo unausikia ukikanyaga mafuta ya kupita gari nyingine. Ya petroli yenye nguvu farasi 240 inajitahidi, ya dizeli ya 180 inahitaji uvumilivu. Aliyezoea Range Sport asitegemee mwendo wa aina ile.

Buti ni lita 251. Afadhali paa haliiingilii, yaani ujazo ni uleule paa likiwa juu au chini, lakini mdomo wake ni mwembamba. Sanduku la kusafiria ndege lile la kilo 23 linaingia moja, la pili unabishana nalo. Viti vya nyuma ni viwili tu, havilali kama vya Evoque ya kawaida. Milango ni miwili na ni mirefu, kwa hiyo kwenye maegesho ya kubanana unatoka ubavu ubavu. Kioo cha nyuma ni kidogo, na paa likiwa juu kona za nyuma zinafunikwa kabisa. Bila kamera ya nyuma singethubutu kurudi kinyumenyume kwenye maegesho ya msikitini siku ya Ijumaa.

Na viti hivyo vya nyuma nivieleze vizuri, kwa sababu kuna mdau amesema ni vya kukaa watu wazima bila shida. Mama yangu alipokuja kutoka Tanga wakati wa kiangazi, alitaka kukaa nyuma na binti yangu. Kuingia kulimchukua muda, maana inabidi kiti cha mbele kisogezwe na mtu ajipinde. Akishakaa, magoti yalitosha. Mjini alifurahi sana, akawa anasalimia watu kwenye vituo vya basi kama yuko barazani kwake. Tulipofika barabara ya mwendo kasi upepo wa nyuma ukawa mkali, mtandio ukawa hautulii, akaniambia, "Mwanangu, funika, nimeshaona." Nikapunguza mwendo nikafunika. Kuna kizuizi cha wavu cha kukata upepo, nacho kinafanya kazi nzuri sana kwa walio mbele, ila kinafungwa juu ya viti vya nyuma. Ukikiweka, gari imekuwa ya watu wawili. Kwa hiyo unapohesabu faida, hesabu hivi: watu wanne kwa mwendo wa mjini, watu wawili kwa safari ndefu ya paa wazi.

Hilo ndilo lililoiua sokoni, kwa maoni yangu. Mwenye familia anaitazama buti anageuka. Anayetaka gari ya wazi ya kukimbiza anakwenda kwenye gari za chini, nyepesi. Iliacha kutengenezwa 2018, na Evoque ya kizazi cha pili ilipotoka mwishoni mwa mwaka huohuo ilikuja na milango mitano pekee. Nissan walishapita njia hiyo na Murano CrossCabriolet kuanzia 2011 hadi 2014, ile ya soko la Marekani, nayo haikuendelea. Volkswagen wakaja na T-Roc Cabriolet, ndogo na rahisi zaidi, ya kuvuta kwa tairi za mbele tu. Bei yake ni ya kistaarabu kuliko Range na paa lake linafunguka kwa sekunde 9. Lakini T-Roc haina ule urefu wa kukaa na haina kuvuta tairi zote. Sioni kama ni mbadala wa kweli kwa mtu aliyeipenda Evoque.

Sasa tuje Dar, ambako ndiko swali lilipo.

Huku Uingereza tunaomba jua. Siku yenye nyuzijoto 18 na mawingu kidogo ndiyo siku bora ya kufunua paa. Dar saa saba mchana, Januari, kwenye foleni ya Ubungo, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekaa paa wazi. Jua la utosi, joto la lami, moshi wa malori, vumbi la ujenzi. Ngozi ya viti itakuunguza mapaja. Wakati wa masika utaifunga wiki nzima. Utabaki na asubuhi na mapema, na jioni kuanzia saa kumi na moja. Ila hizo saa za jioni, wakuu, nazo zina haki yake: kupita daraja la Tanzanite jua linazama, upepo wa bahari unapiga, ukaendelea Toure Drive taratibu. Nikiwa likizo nimeipita njia hiyo kwa gari ya kukodi nikaitamani hii yangu kwa moyo wote. Mwenye hela ya gari ya pili kwa ajili ya saa hizo mbili, mimi simlaumu hata kidogo.

Kwa barabara zetu, kimo chake kinasaidia. Njia za ndani za Mbezi na Goba itapita bila kugusa chini, jambo ambalo gari za wazi za chini haziwezi. Kiwandani wanasema inapita maji ya kina cha milimita 500, yaani karibu na goti la mtu mzima. Hiyo ni ya dimbwi la mtaani, isiwe sababu ya kuijaribu Jangwani ikifurika.

Kitambaa kinahitaji nidhamu. Chumvi ya bahari, kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe ni adui zake watatu. Usiipeleke kwenye car wash wakaipiga kwa presha kubwa, maji yatalazimishwa kuingia kwenye mishono na raba. Brashi laini, sabuni isiyo kali, maji ya kutosha, ikauke, halafu dawa ya kuzuia maji. Usilikunje paa likiwa limelowa ukaliacha hivyo, litaota ukungu. Na kila baada ya muda fungua paa nusu, pitisha kidole kwenye mifereji ya kutolea maji pembeni. Mimi naegesha chini ya mti na kila msimu wa majani kupukutika natoa tope jeusi na majani yaliyooza. Mifereji ikiziba, maji yanatafuta njia ya kuingia ndani ya gari, na chini ya mazulia kuna nyaya za umeme.

Ushuru: injini zote, ya petroli na ya dizeli, hazifiki cc 2000, kwa hiyo inakaa chini ya lile daraja la cc 2000, hiyo ni nafuu. Lakini miaka inakimbia. Zilitengenezwa 2016 hadi 2018, na ikizidi miaka 8 unakutana na ushuru wa uchakavu. Ingiza kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla hujamtumia mtu yeyote hata pauni moja. Wadau wa Kenya mliouliza, ninyi mna kikomo cha miaka 8 kwa gari zinazoingizwa, kwa hiyo mlango kwenu unafungika kama haujafungika.

Jibu langu kwa mtoa mada ni hili. Kama hii ndiyo itakuwa gari yako pekee, ya kupeleka watoto shule, kwenda msibani Morogoro na kubeba gunia la mchele, achana nayo, nunua Evoque ya milango mitano ya mwaka huohuo. Kama una gari nyingine ya kazi, una sehemu ya kuegesha yenye kivuli, na una fundi wa umeme wa magari unayemwamini, ichukue, na wanaokwambia si Range waache waseme.

Chukua ya petroli. Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kinachojisafisha kwa safari ndefu za mwendo kasi, na foleni za Dar hazitakipa nafasi hiyo. Ukipata muuzaji, mwambie apige video moja bila kukata: gari ikiwa baridi, awashe, afungue paa hadi mwisho, alifunge hadi mwisho, kisha asogeze kamera karibu na ukingo wa juu ya kioo cha mbele na kwenye raba za milango. Atoe mazulia ya nyuma, aguse chini kwa kiganja, na aoneshe sakafu ya buti. Nitumie kiungo cha tangazo. Kama gari iko huku Midlands nitakwenda kuiangalia mwenyewe mwisho wa wiki.