Video Inapendwa, Viti Vitupu

SWALI: Ndugu mhariri, kikundi chetu kinaandaa igizo la nyimbo la saa mbili: waimbaji 14, kinanda na ngoma. Tumeweka mtandaoni video ya dakika nne yenye vipande vya matukio yote. Wengi wameipenda, lakini tiketi hazinunuliwi. Sauti nayo inasikika kama inatoka ndani ya pipa. Tumekosea wapi? — Mwongozaji, Nakuru

JIBU: Ndugu mwongozaji, mmeonyesha mengi mno. Mtazamaji amepewa vipande vya nyimbo zote, lakini hana hata wimbo mmoja uliomkaa kichwani. Chagueni mmoja. Anzeni pale mhusika anapokata shauri na sauti inapopanda, muuache uende sekunde 45 hadi 60 bila kukatwakatwa, kisha msimamishe kabla mwenzake hajamjibu. Nembo ya kikundi isitangulie. Itangulie sauti ya mtu.

Mbinu hii ni ya zamani kuliko intaneti. Igizo la Pippin, lililofunguliwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo jijini New York, mwaka 1972, lilitangazwa kwenye televisheni kwa dansi moja tu ya mwigizaji wake Ben Vereen na wachezaji dansi wawili, kwa dakika moja. Kisha watazamaji wakaambiwa kwamba dakika 119 zilizobaki wazifuate ukumbini. Tangazo lile linasifiwa hadi leo.

Sasa tiketi. Tarehe, saa, ukumbi, kiingilio na nambari ya kulipia ziandikwe juu ya picha yenyewe katika sekunde tano za mwisho. Msitegemee maelezo ya chini: video ikishatumwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, mara nyingi maelezo hubaki nyuma, na aliyeipenda hajui hata mji mnaochezea. Tunadhani hapo ndipo wateja wenu wengi walipopotelea.

Kuhusu pipa: simu ikiwa mbali na mwimbaji hunasa mwangwi wa kuta kuliko sauti yake. Rekodini kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutoka kwenye mashine ya fundi mitambo ya kuchanganyia sauti za mikrofoni. Hiyo huleta maneno safi, lakini ngoma isiyo na mikrofoni yake huenda isisikike vizuri. Ya pili ni kinasa sauti kilichowekwa mita tatu au nne mbele ya jukwaa, kilele cha sauti kikiishia karibu desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa hicho ili isikwaruze. Kikiwa mita 10, sauti yake itachelewa takriban sekunde 0.03, na mkizichanganya hivyo hivyo kila neno litasikika kama lina kivuli. Kabla ya wimbo mtu apige kofi moja jukwaani, karibu na mikrofoni iliyowashwa na mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri, oanisheni mlio wa kofi hilo kwenye rekodi zote.

Rekodini kwenye mazoezi ya mwisho yenye mavazi, si usiku wa onyesho, maana mtahitaji kurudia wimbo mara tatu au nne. Kwenye skrini ya simu, shikilieni kidole juu ya uso wa mwimbaji hadi simu ifunge mwangaza, kisha mpunguze kidogo. Bila hivyo simu huona giza la nyuma, huongeza mwanga, na nyuso zinakuwa nyeupe kama karatasi. Taa zikimetameta kwenye picha, tumieni fremu (picha) 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda wa kunasa kila picha, ya sekunde 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Picha ya wima haiwezi kubeba watu 14: chukueni watatu, na sehemu ya tano ya chini iachwe wazi, kwani vitufe na maandishi huifunika.

Video ya dakika moja ikihifadhiwa kwa kiwango cha megabiti 2 kwa sekunde ni kama megabaiti 15 tu. Mtu wa bando dogo ataifungua.

SWALI: Tumelipia leseni ya igizo la Marekani. Tunaruhusiwa kuweka wimbo wake YouTube? — Mwalimu, Arusha

JIBU: Mwalimu, leseni ya kuigiza jukwaani kwa kawaida si leseni ya kurekodi. Mashirika yanayotoa leseni hizo, kama Music Theatre International na Concord Theatricals huandika masharti ya video kwenye mkataba. Yasome, kisha omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kurekodi chochote. Pia jihadhari na muziki wa kuimbia ulionunuliwa, yaani ala zilizorekodiwa bila waimbaji: mfumo wa YouTube hulinganisha sauti wenyewe na unaweza kuizuia video siku mbili kabla ya onyesho, wakati huna tena nafasi ya kurekodi upya.

SWALI: Tuwakataze watazamaji kurekodi kwa simu? — Msimamizi wa ukumbi, Mombasa

JIBU: Wakatazeni wakati wa igizo, kwani mwanga wa simu unamkera jirani na kumtoa mwigizaji kwenye jambo lake. Lakini waruhusuni mwishoni. Igizo la Six, la wake sita wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, huwaruhusu watazamaji kurekodi mseto wa nyimbo za kufungia. Kama igizo ni lenu wenyewe, fanyeni vivyo hivyo: itangazeni ruhusa hiyo kabla pazia halijafunguliwa, fundi apandishe taa za mbele wimbo huo ukianza, na jina la igizo liwe kwenye kitambaa kikubwa nyuma ya waimbaji, lionekane katika kila simu.