Boksi la halua ya kubuni

Ndugu yangu, wewe msanifu wa vifungashio umeuliza kama biashara ya halua ya Wete, Pemba, ambayo haipo kweli ila umeibuni tu, inafaa kuwa kazi ya kuonyesha wateja. Inafaa sana, ila andika wazi kuwa ni ya mazoezi. Mimi nisingeanza na nembo. Halua ina samli, na karatasi nyepesi huloa mafuta. Chapisha boksi, likunje, tia halua yenyewe, liache mpaka asubuhi, kisha tazama pembe za chini. Kikapu cha ukili usikiache, ndicho watu wanachokijua kwa kutilia halua. Kifungie lebo ya karatasi ngumu yenye uzito, viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mfuko wa plastiki usiuchore kabisa, Zanzibar iliupiga marufuku tangu 2006.