Skana ya leza Manzese: inaona ukuta, haioni mpaka

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mpima kijana hapa Dar. Tumepewa kazi ya kuhuisha ramani ya zamani ya mtaa mmoja Manzese, na ofisi imeazima skana ya leza, ile ya kusimika juu ya miguu mitatu. Mwenzangu anasema droni inatosha. Je, skana inafaa? Na kama inapima kwa milimita, bado nihangaike na bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja?

Jibu: Marahaba. Uliza kwanza ramani inatakiwa kwa skeli gani, maana hapo ndipo hela za wateja zinapopotea. Milimita 0.2 kwenye karatasi, kama upana wa mstari mwembamba, ni sentimita 50 uwandani kwa ramani ya 1:2,500, na sentimita 10 kwa ya 1:500. Kama ni ile ya kwanza, irudisheni skana mlikoiazima. Kwa 1:500 inaanza kulipa.

Kuhusu droni, mwenzako amepatia nusu. Droni inaona bati, skana inaona ukuta. Manzese kuna nyumba ambazo mabati yake yanakaribia kugusana na ya jirani, kwa hiyo ukitazama picha ya juu uchochoro wote umemezwa. Ramani inataka nyumba ilipokaa chini, si ukingo wa paa. Ningetumia zote mbili: droni kwenye uwazi, baada ya kupata kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), na skana vichochoroni.

Sasa jambo lenyewe. Skana hupima muda wa mwanga kwenda na kurudi, au hulinganisha mawimbi yake, ikaongeza pembe mbili na kupata nukta; nukta hizo kwa pamoja huitwa wingu. Zipo zinazofikisha nukta milioni 1 kwa sekunde, lakini wingi huo usikulevye. Nukta zilizoachana milimita 6 kwenye umbali wa mita 10 zitaachana milimita 60 kwenye mita 100. Kosa kubwa, hata hivyo, huzaliwa mnapounganisha vituo, yaani sehemu mlizosimika skana. Kwenye uchochoro mrefu, ukiunganisha wingu la kituo hiki na la kinachofuata bila kingine cha kulishika, makosa madogo yanarundikana na mtaa mzima unapinda kama ndizi, huku programu ikikuonyesha kila kiungo ni safi. Kosa la sekunde 20 za pembe (sekunde ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii) ni kama sentimita 1 kwa kila mita 100.

Kwa hiyo anza na vituo vya udhibiti, yaani nukta zilizopimwa kwa uhakika za kuyashikia mawingu, mwanzo, kati na mwisho wa kila uchochoro. Vipime kwa totali stesheni, mashine ya kupima pembe na umbali, kwa travasi iliyofungwa, yaani mnyororo wa vipimo unaoishia kwenye nukta inayojulikana, kwa sababu GPS katikati ya kuta hupokea mawimbi yaliyodunda. Vingine usivitumie kuunganisha. Viache vya kukagulia. Na miguu ya mashine isikae juu ya mchanga mtupu: itazama wakati skana inazunguka, nawe hutajua.

Ramani zetu nyingi za zamani ziko kwenye mfumo wa majira wa Arc 1960, UTM kanda ya 37 kusini, wakati GPS inakupa mfumo mwingine, WGS 84. Tofauti ni takriban mita 300. Niliwahi kubandika kazi ya siku nne juu ya ramani ya zamani bila kubadili mfumo, nyumba zote zikahamia mtaa wa pili. Aliyegundua ni dereva wetu, aliyekuwa anatafuta duka la supu analolijua.

Nendeni Jumapili alfajiri, kabla bodaboda na wapita njia hawajajaa kwenye wingu. Madimbwi na vioo vitakupa matundu au nukta za uongo. Ofisini, kata wingu usawa wa mita 1.2 kutoka ardhini: kuta zitajitokeza kama mistari, uzilaze juu ya ramani ya zamani uone kilichoongezeka.

Bikoni utaihangaikia tu. Skana inapima nyuso zinazoonekana, na bikoni iliyofukiwa haina uso. Palipopimwa, mpaka uko kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa kwa Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura 324, hata kama mtu amejenga ukuta nje yake. Beba sururu ya kuifukua bikoni. Pasipopimwa, waite majirani wote wawili pamoja na mjumbe, wasimame pale penye mabishano, mkikubaliana ndipo uweke alama na kuipima. Usianze kupima kabla jirani wa pili hajafika.