Mvua, Kusi na Embe: Michezo ya Msimu kwa Watoto wa Miaka Miwili hadi Mitano

Mvua ya masika ikianza kupiga bati asubuhi, vituo vingi vya kulelea watoto hufunga milango, vikawasha televisheni na kungoja ipite. Pwani ya Tanzania na Kenya masika huanza Machi yakafika Mei, na hakuna mtoto wa miaka mitatu anayeweza kukaa kitako muda wote huo. Mvua hiyo hiyo ni kitu cha kuchezea, tena haiuzwi dukani. Kinachotakiwa ni mlezi ajiandae kabla wingu halijatanda.

Tuanze na kipima mvua, maana ndicho kitakachowashughulisha kwa wiki nyingi. Tafuta chupa ya maji ya lita 1.5 iliyonyooka ubavuni. Mtu mzima aikate pale inapoanza kufinyika kuelekea shingoni, atoe kifuniko, kisha akipindue kile kipande cha juu na kukitumbukiza ndani ya chupa kama faneli. Zungushia selotepu kwenye kingo zote zilizokatwa. Plastiki hiyo huchana vidole vibaya sana. Weka konzi moja ya kokoto chini ili upepo usiiangushe, mimina maji hadi yafunike kokoto na yale mabondebonde ya kitako, halafu chora mstari hapo. Hiyo ndiyo sifuri.

Kosa la kawaida ni kuiweka karibu na ukuta. Maji ya paa huingia, chupa ikajaa kwa dakika chache, na watoto wakaamini kwamba imenyesha gharika. Iweke mahali peupe, mbali na paa na miti, na ifukie kidogo kwenye udongo kama kuna kuku.

Mtoto wa miaka mitatu haelewi milimita. Kila asubuhi, saa ile ile, mtoto mmoja aende na mlezi, apime urefu wa maji kutoka kwenye sifuri kwa utepe wa kitambaa, mlezi akate utepe pale maji yalipofika, kisha waubandike ukutani. Siku isiyo na mvua acheni nafasi tupu. Baada ya wiki mbili ukuta una tepe ndefu, fupi na mapengo, na watoto wenyewe wataanza kubishana ipi ilikuwa mvua kubwa. Kwa wa miaka mitano hiyo tayari ni hesabu, ingawa hakuna aliyeitaja hesabu.

Ukishapima, rudisha maji kwenye sifuri, na kila baada ya siku tatu mwaga yote uoshe chupa na kokoto. Mbu anayeeneza dengi huuma mchana na hutaga kwenye vyombo vidogo kama hivyo, na yai hufika kuwa mbu kwa muda wa wiki moja hivi. Vifuu, makopo na matairi ya uwanjani yamwagwe pia. Ndoo usiiache na maji hata ya vidole vinne: mtoto mdogo akiinamia akatangulia kichwa, hawezi kujinyanyua. Ngurumo ikisikika, wote ndani, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Wakiwa ndani, unga wa kufinyanga hauna mpinzani. Vikombe 2 vya unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, vijiko 2 vya mafuta ya kula, na maji ya moto yasiyozidi kikombe 1, ukiyatia kidogokidogo huku ukikanda. Ukipoa ndipo uwape watoto. Binzari hutoa manjano safi, lakini haitoki kwenye sare nyeupe, kwa hiyo wavae nguo kuukuu. Mapishi mengi huweka chumvi kikombe kizima. Wakati wa masika hilo huharibu kazi, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewani, na kesho yake unakuta unga umekuwa gundi. Ukianza kunata, kanda tena na unga mkavu kijiko kimoja kimoja, uhifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri. Kwa wa miaka miwili usiweke chumvi kabisa, kwa kuwa bado wanameza kila kitu na chumvi nyingi kiasi hicho inaweza kumdhuru mtoto. Unga wao utupwe jioni.

Kuanzia Juni upepo wa kusi unatawala, na kazi inahamia uwanjani. Tiara ni ya wa miaka mitano wakisaidiwa, tena mbali na nyaya za umeme, kwa uzi wa pamba na si wa nailoni unaokata vidole. Ikizungukazunguka, mkia ni mfupi. Isipopanda, mkia ni mzito. Wadogo wao wapewe kititia, yaani kipepeo cha karatasi kinachozungushwa na upepo kwenye ncha ya kijiti.

Kata karatasi mraba wa sentimita 15. Gazeti ni laini mno, boksi ni gumu. Kalenda ya mwaka jana ndiyo yenyewe. Watoto wapake rangi pande zote mbili kabla ya kukata, kwa sababu upande wa nyuma nao utaonekana. Kunja pembe kwa pembe mara mbili, kunjua, kisha kata kila pembe kuelekea katikati na usimame sentimita 2 kabla ya kufika. Sasa kila pembe ina ncha mbili: leta moja katikati, acha nyingine, mpaka zikutane nne. Choma pini, pitisha ushanga mmoja, ndipo uikite kwenye kijiti. Bila ushanga karatasi husugua kijiti na kititia hakizunguki. Hapo ndipo wengi hukwama. Pini ikitokeza nyuma, ikunje na ufunike kwa selotepu. Asubuhi mapema upepo huwa hafifu, ngojeni saa nne.

Embe zikijaa, Novemba hadi Januari, usitupe kokwa. Zile zenye nyuzi nyingi zisugue kwa brashi, uzianike juani siku tatu au nne, nyuzi zitasimama kama nywele. Watoto wazichane na kuzichorea macho. Ya kupanda isianikwe hata kidogo, maana mbegu ya embe ikikauka hufa. Mtu mzima apasue ganda la kokwa mbichi, atoe mbegu, aifukie kwa kina cha sentimita 3 kwenye kopo lililotobolewa chini, upande uliobinuka ukitazama juu. Chipukizi hutokea baada ya wiki mbili au tatu, na aina nyingine hutoa zaidi ya moja kutoka mbegu moja. Utomvu wa embe huwasha ngozi, kwa hiyo mikono na midomo ioshwe kwa sabuni mara moja.

Watoto wakiokota mbegu nyingine uwanjani, zikague kabla hazijafika mezani. Nyonyo, na zile nyekundu zenye doa jeusi, ni sumu kali: zitoe zote, hata zilizotungwa shanga.