Nani alikuwa anatunga sheria Dominika, 1916 hadi 1924?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma sheria mwaka wa pili. Wamarekani waliikalia Haiti 1915, mwaka uliofuata wakaingia kwa jirani, Jamhuri ya Dominika. Haiti ilibaki na rais wake, Dominika hapana. Sasa sheria za Dominika alikuwa anatunga nani, na ziliishia wapi walipoondoka?

JIBU: Marahaba. Wengi wanazichanganya hizi nchi kisa kisiwa ni kimoja. Kule Haiti Wamarekani walipata mtu wa kusaini, Rais Dartiguenave, mkataba ukasainiwa Septemba 1915, kwa hiyo kwenye makaratasi ikaonekana wamekubaliana. Kwa Dominika Wamarekani walitaka hivyo hivyo, washike hela na waunde jeshi jipya chini ya maofisa wao, ila rais wa muda Francisco Henríquez y Carvajal akagoma. Wakambania mapato ya forodha, maana forodha walishaishika wao kwa mkataba wa 1907, watumishi wakakaa bila mshahara na jamaa bado hakusaini.

Ndo tarehe 29 Novemba 1916 Kapteni Harry Knapp wa jeshi la majini la Marekani akatoa tangazo akiwa kwenye manowari yake, Olympia, hapo Santo Domingo, kwamba nchi iko chini ya utawala wa kijeshi. Sababu aliyotoa ni kifungu cha 3 cha ule mkataba wa 1907, kwamba Dominika imeongeza deni bila ruhusa ya Marekani. Deni, ndugu yangu! Tangazo likasema sheria za nchi zinaendelea mradi zisigongane na malengo yao, na viongozi waendelee na kazi. Mawaziri hawakutokea, basi akatangaza viti viko wazi akaweka maofisa wake, bunge nalo likasimamishwa. Kuanzia hapo mtunga sheria ni gavana wa kijeshi, anatoa amri, inachapwa kwenye gazeti la serikali ya Dominika kama vile ni ya Wadominika wenyewe.

Utata uko hapo. Kanuni za Hague za 1907, yaani sheria za kimataifa za vita, kifungu cha 43, zinamtaka anayekalia nchi aheshimu sheria alizozikuta isipokuwa ameshindwa kabisa, sasa cheki Amri namba 511 ya 1920, inaleta hati za Torrens, yaani mfumo ambao mwenye ardhi ni yule aliyesajiliwa na serikali, na mahakama ya ardhi, mashamba ya ubia yakapimwa yakagawanywa, na kampuni za sukari zenye mawakili na wapima zikafaidi kuliko mkulima asiye na karatasi. Mimi sioni 43 inabebaje hilo.

Na zilibaki. Makubaliano ya 1922 ya Hughes, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, na Peynado, mwanasheria wa Dominika, yaliwapa Wadominika sharti la kuondokewa: watambue amri zilizoweka kodi, zilizoidhinisha matumizi na zilizowapa watu wengine haki. Horacio Vásquez akaapishwa kuwa rais Julai 1924, marini, yaani wanajeshi wa Marekani, wakaondoka, 511 ikabaki mpaka sheria mpya ya ardhi ya 1947, na forodha yenyewe waliachia kwa mkataba wa 1940. Ukiandika kazi yako usianze na tangazo la Knapp, anza na hilo sharti la 1922 halafu rudi nyuma.